Saa 39 za Patrick Kennedy: mtoto njiti wa Ikulu alikosa nini?

Ukimtaja Rais John F. Kennedy wa Marekani, wengi hukumbuka risasi za Dallas za Novemba 1963. Kwamba Agosti ya mwaka huohuo alizika mtoto wa kiume aliyezaliwa kabla ya siku zake, hilo linajulikana kwa wachache. Mtoto huyo, Patrick Bouvier Kennedy, aliishi saa 39 na dakika 12. Kwa anayefanya kazi kwenye wodi ya watoto wachanga, kisa chake kinafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua, kwa sababu visingizio vyote tulivyovizoea hapa havina nafasi. Fedha zilikuwepo, helikopta zilikuwepo, madaktari bingwa walikuja kwa simu moja, na hospitali aliyopelekwa ilikuwa miongoni mwa bora duniani kwa watoto. Bado alikufa, tena kwa ugonjwa ambao leo, kwa mtoto wa ukubwa wake, hautazamiwi kuua.

Swali langu ni moja: alikosa nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba dawa ilikuwa haijagunduliwa. Ni kweli, ila limeruka sehemu yenye faida zaidi.

Yaliyotokea

Jacqueline Kennedy, mke wa rais na mama wa Patrick, alikuwa na miaka 34 na historia nzito ya uzazi. Mimba iliharibika mwaka 1955. Mwaka 1956 alijifungua mtoto wa kike akiwa ameshafariki. Caroline alizaliwa salama mwaka 1957, na John mdogo akafuata Novemba 1960, naye kabla ya siku zake na akiwa na shida ya kupumua mwanzoni. Watoto walizaliwa kwa upasuaji. Mimba hii ilipangwa kumalizika kwa upasuaji pia, mwezi Septemba, katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed.

Jumatano ya tarehe 7 Agosti 1963 alikuwa mapumzikoni Cape Cod, jimbo la Massachusetts. Asubuhi aliwapeleka watoto kwenye farasi, na huko uchungu ukaanza. Daktari wake wa uzazi, John Walsh, alikuwa karibu. Wakamrusha kwa helikopta hadi hospitali ya kambi ya jeshi la anga ya Otis, ambako chumba kilikuwa kimeshaandaliwa kwa dharura ya namna hiyo. Saa 6 na dakika 52 mchana Patrick alitolewa kwa upasuaji, wiki tano na nusu kabla ya tarehe yake. Kwa hesabu yetu ni mimba ya wiki 34 na nusu hivi. Uzito ulikuwa kilo 2.1.

Kilo 2.1 si mtoto mdogo sana. Kwenye wodi zetu mtoto wa uzito huo ndiye anayewekwa kando ili wenzake wa gramu 900 wahudumiwe kwanza. Nalisema hili kwa sababu ndilo linalotudanganya: uzito unaonekana, ukomavu wa mapafu hauonekani. Ishara zake ziko kwingine. Mtoto anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, mbavu na chembe ya moyo zinabonyea ndani kila anapovuta hewa, tundu za pua zinatanuka, na kila anapotoa pumzi anaguna. Mguno huo mama hudhani ni kilio chepesi. Muuguzi mzoefu akiusikia kutoka mlangoni anajua mtoto yuko kazini.

Patrick alianza shida ya kupumua muda mfupi baada ya kuzaliwa. Padri wa kambi alimbatiza hapohapo. James Drorbaugh, daktari wa watoto kutoka Boston, aliletwa kwa helikopta, naye akashauri mtoto ahamishiwe kwenye hospitali ya watoto ya Boston. Kabla ya kuondoka, baba aliisukuma inkubeta hadi chumbani kwa mama ili amwone mwanawe. Kisha gari la wagonjwa likashika barabara, safari ya karibu kilomita 100. Mtoto alikuwa na umri wa saa tano. Mama, ambaye mshono wake ulikuwa mbichi, alibaki Otis. Hakumwona tena akiwa hai.

Boston walithibitisha kile walichokihofia, ugonjwa wa utando kwenye mapafu. Leo tunauita shida ya kupumua ya watoto njiti. Alhamisi hali ilizidi kuwa mbaya, na madaktari wakamwingiza kwenye chumba cha presha kubwa ya oksijeni, mtambo wa chuma mkubwa kiasi cha madaktari kuingia na kufanyia kazi ndani, uliokuwa ukitumika kwa upasuaji wa moyo wa watoto. Rais alilala hospitalini. Alfajiri ya Ijumaa tarehe 9, saa 10 na dakika 4, Patrick alifariki, baba yake akiwa pembeni yake.

Mapafu yanayoshikana

Sasa tuje kwenye kiini. Pafu limejaa vifuko vidogo sana vya hewa, na kila kifuko ndani kina unyevu. Maji yana tabia ya kujivuta pamoja. Chukua mifuko miwili ya nailoni iliyolowa uone inavyong'ang'aniana unapojaribu kuitenganisha. Vifuko vya pafu vingekuwa hivyo kila mtu anapotoa pumzi, kama mwili usingetengeneza kitu cha mafuta kinachotandaa juu ya unyevu huo na kuupunguzia nguvu ya kujivuta. Kitu hicho ni safaktanti. Mtoto huanza kukitengeneza tumboni, lakini kiasi cha kumtosha hupatikana katika wiki za mwisho mwisho, kuanzia kama wiki ya 34 au 35 na kuendelea. Patrick alikuwa mpakani kabisa.

Mambo mengine mawili yalimwelemea. Watoto wa kiume mapafu yao huchelewa kukomaa kidogo kuliko ya wa kike. Pia alizaliwa kwa upasuaji, na uchungu wa kawaida, ukipata muda wa kutosha, humsaidia mtoto kuondoa maji kwenye mapafu. Sidhani kama kuna daktari wa kumlaumu hapo. Mama mwenye kovu la upasuaji zaidi ya mmoja, uchungu umeanza, hawezi kuachwa asubiri. Kovu likipasuka unawapoteza wote wawili.

Bila safaktanti, kila pumzi ni kama ya kwanza. Mtoto anafungua vifuko, anatoa hewa, vinajifunga, anaanza upya. Ule mguno ni ujanja wa mwili: anabana koo ili hewa isitoke yote na vifuko visijifunge kabisa. Misuli inachoka, oksijeni inashuka, damu inakuwa na asidi, na asidi nayo inabana mishipa ya damu ya mapafu na kupunguza zaidi uwezo wa mwili kutengeneza safaktanti.

Hapa pana jambo linaloumiza. Chanzo kilishajulikana. Mwaka 1959, miaka minne kabla, Mary Ellen Avery na Jere Mead walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huu yalipungukiwa na kitu hicho. Walifanyia wapi kazi hiyo? Harvard, Boston. Mtoto wa rais alikufia katika mji uleule ulioufumbua ugonjwa wake. Lakini kujua kinachopungua ni jambo moja, na kuwa na kitu cha kumpa mtoto saa 8 usiku ni jambo jingine. Kwa makadirio ya wakati ule, ugonjwa huo ulikuwa ukiua watoto wapatao 25,000 kwa mwaka nchini Marekani. Magazeti yalipoeleza matibabu ya Patrick, yaliishia kwenye kupima kemia ya damu na kujaribu kuiweka karibu na kawaida.

Presha mahali pasipofaa

Kile chumba cha chuma kinastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu mantiki yake ilikuwa nzuri na bado ilikosea shabaha. Waliofikiria walisema hivi: oksijeni haipiti vizuri kwenye mapafu haya, basi tuongeze presha ya hewa inayomzunguka mtoto ili oksijeni nyingi zaidi iyeyuke kwenye damu kwa njia ile nyembamba iliyobaki. Kwa muda mfupi inaweza kupandisha oksijeni ya damu. Tatizo ni kwamba ndani ya chumba kile presha ni ileile kifuani kwa nje na ndani ya koo. Hakuna kinachosukuma vifuko vifunguke wala kuvizuia visijifunge. Mtoto bado anapumua kwa nguvu zake mwenyewe, na zinaisha.

Alichohitaji ni presha ndogo sana, ila iwe upande wa ndani tu: hewa inayoingia puani ikiwa na msukumo kidogo unaobaki hata anapotoa pumzi. Ule mguno wake ulikuwa unajaribu kuifanya kazi hiyohiyo. Mwili wa mtoto ulikuwa unawaonyesha wakubwa dawa.

Jambo la pili la kujua ni ratiba ya ugonjwa huu. Huzidi katika siku mbili hadi tatu za kwanza, kisha, mtoto akiwa bado hai, mwili huanza kutengeneza safaktanti yake na hali hugeuka. Wauguzi wa zamani walikuwa na alama yao: mkojo. Mtoto aliyekuwa amevimba na kukojoa kidogo anaanza kulowesha nepi mfululizo, na saa chache baadaye mbavu zinaacha kubonyea. Patrick alifariki akiwa na saa 39. Kwa hiyo hakuhitaji kuponywa kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Alihitaji kuvushwa, siku moja au mbili zaidi, hadi mapafu yashike kazi. Karibu kila kinachofanywa leo kwenye chumba cha uangalizi maalumu wa watoto wachanga ni uvushaji wa namna hiyo, na ukikielewa kisa hiki kwa jicho hilo unaelewa kwa nini saa za usiku wa pili zina uzito kuliko mashine za bei mbaya.

Kwa nini hawakumweka kwenye mashine ya kupumulia? Kwa watoto wachanga mashine hizo zilikuwa bado ni jambo la majaribio. Toronto, Kanada, Maria Delivoria-Papadopoulos na Paul Swyer walichapisha mwaka 1964 taarifa ya watoto waliokuwa kufani kwa ugonjwa huuhuu na kuwekewa mashine, baadhi walipona. Na oksijeni yenyewe ilikuwa imeshatia watu hofu. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 watoto njiti walimwagiwa oksijeni bila kipimo ndani ya inkubeta, na maelfu wakapofuka. Stevie Wonder, aliyezaliwa wiki sita kabla ya wakati huko Michigan mwaka 1950, ni mmoja wao. Ilipothibitika kwamba oksijeni ndiyo iliyoharibu macho, madaktari wakaibana mno, na wakawapoteza wengine kwa kukosa hewa. Mwaka 1963 bado hakukuwa na kile kipimo kidogo cha taa nyekundu tunachokifunga leo kwenye kiganja au unyayo wa mtoto, kinachosoma oksijeni ya damu bila kumchoma sindano. Walifanya kazi gizani kuliko tunavyofikiri.

Kilichokuja baadaye

Mpangilio wa ugunduzi uliofuata unachekesha kidogo, kwa maana rahisi na ghali havikuja kwa zamu ya kutarajiwa.

Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco walitoa taarifa ya watoto 20 wenye ugonjwa huu waliopewa hewa yenye msukumo wa kudumu. Walipona 16. Ni kile ambacho mguno ulikuwa ukikiomba. Leo kinaitwa sipapu midomoni mwa wafanyakazi wa wodi, na namna yake nyepesi zaidi ni ile ya chupa ya maji.

Mwaka uliofuata, 1972, Graham Liggins na Ross Howie wa Auckland, New Zealand, walionyesha kwamba mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati akichomwa sindano ya steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa haraka na vifo hupungua. Liggins alianzia kwa kondoo: mwanakondoo aliyezaliwa mapema mno, ambaye kwa hesabu zote hakupaswa kupumua, alipumua. Hizi ndizo sindano za kukomaza mapafu ambazo kina mama wengi Afrika Mashariki wanazijua. Ni dawa ya bei ya chini, ya zamani, na inapatikana. Ilichukua zaidi ya miaka 20, hadi 1994, kwa taasisi za afya za Marekani kutoa tamko la pamoja la kutaka itumike kwa wanaostahili. Safaktanti yenyewe ya kuwekwa mapafuni, ile ambayo Avery na Mead waliona imepungua, ilitumika kwa mafanikio na Tetsuro Fujiwara wa Japani mwaka 1980 kwa watoto 10, ikatoka kwenye mapafu ya ng'ombe. Ikafika sokoni Marekani mwaka 1990. Hadi leo ni ghali, na hospitali nyingi za Afrika hazina.

Kwa hiyo atakayesema Patrick alikufa kwa kukosa safaktanti amesema nusu. Mtoto wa wiki 34 na kilo 2.1 mara nyingi anavuka kwa hewa yenye msukumo peke yake.

Angezaliwa leo, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa

Tumweke mtoto wa namna yake, mwenye wiki 34 na nusu na kilo 2.1, kwenye hospitali ya kwetu yenye wodi ya watoto wachanga. Namwacha bila jina. Ni mfano wa kufuatia mkondo wa kitabibu.

Sindano za kukomaza mapafu angepata? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaziweka kati ya wiki 24 na 34, kwa hiyo yuko ukingoni. Marekani tangu 2016 wapo wanaozitoa hata kwa wiki 34 hadi 36. Lakini kwetu sindano hizi zina kisa chao. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika katika nchi sita zikiwemo Kenya na Zambia, ulisambaza sindano hadi kwenye vituo vidogo. Vifo vya watoto wachanga kwa ujumla vikaongezeka. Walichomwa wengi ambao mimba zao hazikuwa changa kama ilivyodhaniwa, na walijifungua mahali pasipo na huduma ya mtoto. Kisha mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine, hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistani, mimba zimepimwa umri kwa ultrasaundi na watoto wana pa kuhudumiwa. Huko deksamethazoni, mojawapo ya sindano hizi za steroidi, ilipunguza vifo vya watoto wachanga kutoka 23.5% hadi 19.6%. Dawa ni ya jamii ileile. Kilichobadilika ni kile kilichoizunguka. Ukitaka sababu ya kuwahimiza kina mama wapime ultrasaundi mapema, miezi ya mwanzo kabla umri wa mimba haujawa wa kubahatisha, ni hiyo.

Amezaliwa, anaguna. Hatua ya kwanza ni joto: kukaushwa, kofia, soksi. Mtoto njiti akipoa anateketeza sukari na oksijeni kujipasha, na mapafu ndiyo yanayolipa. Napata shida kila nikifikiria ile barabara ya kutoka Otis, ingawa alikuwa kwenye inkubeta. Rufaa ya kwetu mara nyingi ni kanga mbili na bibi kwenye kiti cha nyuma. Kama hakuna inkubeta ya safari, mtoto akiwa anapumua kwa namna inayoruhusu, kifua cha mama au cha ndugu ndicho chombo bora cha kumsafirisha.

Kisha chupa ya maji. Mrija mmoja unaleta hewa na oksijeni puani. Wa pili unatoka puani na kuzamishwa kwenye chupa. Ukiuzamisha sentimita 6, hiyo ndiyo presha anayoipata mtoto. Maji yanabubujika na mbavu zinatulia, mara nyingine ndani ya nusu saa. Kazi iliyobaki ni kuitazama chupa. Mapovu yakikoma, presha imevuja: ama vijiti vya puani vimelegea, ama ni vidogo kwa pua ile, ama mtoto ameachama mdomo. Anayeelewa hilo hamwiti fundi, anamsogelea mtoto. Ataangalia pia kama ngozi ya katikati ya pua inachubuka, na atapitisha mrija mdomoni hadi tumboni kutoa hewa, maana tumbo likijaa linasukuma mapafu juu.

Hospitali kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, walifuatilia watoto waliowekewa chombo cha namna hii kilichotengenezwa kwa ajili ya hospitali zenye vifaa vichache. Kati ya waliopata oksijeni ya puani peke yake walipona 44%. Waliowekewa chupa, 71%. Kwa njiti wenye ugonjwa wa Patrick tofauti ilikuwa kubwa zaidi, 23.5% dhidi ya 64.6%. Utafiti ule haukuwagawa watoto kwa bahati nasibu, kwa hiyo zisomwe kwa tahadhari, lakini tofauti ya ukubwa huo haipuuzwi.

Usiku wa kwanza anakaa na dripu ya glukosi na antibaotiki, kwa sababu nimonia ya kuzaliwa nayo inafanana kabisa na ugonjwa huu na hakuna anayeweza kuapa ni upi. Siku ya pili ndiyo nzito. Hapo muuguzi mmoja akiwa na watoto 20 zamu ya usiku, chupa inaweza kunyamaza bila mtu kujua. Umeme ukikatika, kinachosukuma hewa kinazimika. Siku ya tatu, akianza kukojoa vizuri, presha inashushwa taratibu.

Akishavuka hapo maisha yake yanageuka ya kuchosha badala ya kutisha, na wazazi wengi huishiwa nguvu kipindi hiki. Maziwa ya kwanza ya njano yanapita kwenye mrija wa pua, mililita chache kila baada ya saa 3, kwa kuwa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio ndio kwanza vinaanza kukubaliana kwenye umri wa wiki 34. Uzito utashuka kabla ya kupanda. Akipungua hadi sehemu ya kumi ya uzito wa kuzaliwa bado ni kawaida, na mama aambiwe mapema asije akadhani maziwa yake mabaya. Manjano itapanda kati ya siku ya tatu na ya tano, atawekwa chini ya taa ya bluu akiwa amefungwa macho. Kumweka juani nyuma ya dirisha, ushauri ambao bado unazunguka mitaani, hakutoshi kwa njiti. Tumbo likivimba au maziwa yakirudi ya kijani, kila kitu kinasimama hadi daktari amwone. Mambo yakienda sawa, baada ya kama wiki mbili amerudia uzito wa kuzaliwa, ananyonya mwenyewe, hapoi, hasahau kupumua, na anaruhusiwa na miadi ya kliniki.

Kuna kipande cha kisa cha 1963 ambacho wakati ule hakuna aliyekiona kama tiba: mama kuachwa Otis. Ilionekana ni lazima, na kwa mtoto mahututi aliyehitaji Boston sina hakika ningefanya vingine. Ila mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa watoto 3,211 wenye uzito kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Kundi moja lilianza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, mtoto kifuani kwa mama bila kusubiri atulie kwanza, hata akiwa kwenye sipapu. Kundi la pili lilifuata desturi ya kusubiri. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa 12.0% kwa kundi la kwanza na 15.7% kwa la pili, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilishaonekana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo: kangaroo ianze mapema iwezekanavyo.

Watu wakisoma matokeo hayo huona ngozi kwa ngozi. Mimi naona vitanda. Watoto wa kundi la kwanza walikaa kifuani kama saa 17 kwa siku, na hilo haliwezekani kwa mama aliyekaa kwenye benchi la ukumbini akiitwa kila baada ya saa 3 kukamua maziwa. Ilibidi mama, hata aliyetoka kupasuliwa, awe na kitanda ndani ya wodi ileile ya watoto mahututi, na wauguzi wa uzazi wamfuate humo kumwangalia mshono na damu. Wodi zetu mpya zinazozinduliwa kwa utepe huonyesha inkubeta kwanza. Anayechora ramani ya wodi inayofuata aanze na vitanda vya kina mama, choo chao, na mahali pa kula. Soketi za mashine atazipangia nafasi itakayobaki.